Watu Waliosimama Barabara ya Lagangabilili

Siku ya kuniaga, vijana wa zamu mlinizunguka mkaniambia, "Mzee Nkwabi, andika hata kurasa chache, usiondoke na yote kichwani." Mlikuwa mmeshiba pilau, nikadhani mnatania. Kumbe la. Kila ninapopita getini mlinzi ananiuliza kurasa zimefika wapi, kwa sauti ile ile anayowaulizia watu walioondoka na shuka za wodini. Haya, nimekaa. Kalamu ninayo, na mbele yangu ukutani kinanisimamia cheti cha kidato cha nne nilichokipata shule ya usiku nikiwa tayari na mvi. Vyeo sitaandika kwa sababu nilikuwa nacho kimoja, dereva wa gari la wagonjwa, na habari za mshahara anazijua mke wangu kuliko mimi.

Nitaandika jambo moja tu ambalo limenishinda kulielewa tangu siku ya kwanza mpaka nakabidhi funguo. Ni wale watu wanaosimama. Mmeshawaona. Mtu kagongwa, kalala barabarani, na pembeni watu wamefanya duara, mikono nyuma, shingo mbele, hakuna anayemgusa. Nimewachukia, nimewahurumia, nimewasomea vitabu, na bado nastaafu mweupe. Akitokea mmoja wenu akamaliza kusoma hapa akawa ameelewa, aje nyumbani, nitamchinjia jogoo. Nikikosa jogoo nitachinja baiskeli.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Limbu, dereva aliyekuwa na kifua kipana kama mlango wa ghala la pamba na sauti nyembamba kama ya kifaranga. Alinionyesha gari kama mtu anayemtambulisha mkwe. Huu mlango wa nyuma unafunguka ukiuinua kidogo. Galoni la maji halishuki humu hata kama waziri ana kiu. Vipande vya khanga kuukuu vinakaa chini ya kiti, maana bandeji huisha na khanga haziishi. Halafu machela. Machela yetu ilikuwa na mguu mmoja mbishi. Ulitaka kupigwa teke karibu na bawaba, teke la wastani. Likiwa dogo mguu haufunguki, likiwa kubwa unajikunja mgonjwa akiwa juu. Nilijifunza teke lile kwa muda mrefu kuliko nilivyojifunza hesabu za maumbo.

Mchana wa siku hiyo hiyo tukaitwa njia ya Lalago. Lori la pamba lilikuwa limelala ubavu, na utingo wake amelala kwenye mtaro, mguu umevunjika vibaya, anavuja damu. Watu walikuwepo wengi mno, ungedhani Usukuma mzima umeitwa. Nikaruka chini king'ora kikiwa bado kinalia, nikapiga kelele, "Saidieni! Njooni mbebe!" Wakarudi nyuma hatua moja. Nikapaza sauti zaidi. Wakarudi nyuma tena. Ningeendelea kidogo wangefika Shinyanga.

Mzee Limbu akazima king'ora. Akashuka taratibu kama amefika harusini, akavua kofia, akawasalimia kina baba na kina mama kwa Kisukuma, kwa kile kisauti chake, "Mwadila, baba! Mwadila, mayu!"

Wakaitikia wote, "Mwadila!"

"Mhola?" yaani amani?

"Mhola duhu." Amani tupu! Na mtu pale mtaroni mfupa unaonekana. Nikatamani kucheka na kulia kwa pamoja.

"Huyu ni wa nani?" Mzee Limbu akauliza.

"Hatumjui, baba. Tunangoja wenyewe."

"Basi leo wenyewe ni sisi. Wewe mjomba mwenye kofia, kichwa. Wewe wa shati la njano, shika miguu, hivyo hivyo, usivute."

Wakaja. Wale wale! Walimbeba utingo yule kwa upole ambao mimi sikuwahi kubebwa nao na mama yangu mzazi. Njiani kurudi nikashindwa kunyamaza.

"Mzee, mtu anamwaga damu, wewe unasalimia?"

"Uliwapigia kelele ukiwa nani?" akanijibu. "Mgeni anayekuja bila salamu ni mwizi au ni askari. Wote hao hukimbiwa."

"Lakini hata mimi ni wa huku huku. Wengine pale nawajua kwa majina."

"Ndiyo ujiulize vizuri kwa nini hukuwasalimia," akasema, akakanyaga mafuta.

Nikaanza kukusanya sababu za watu kusimama, kama wengine wanavyokusanya stempu. Nilikuwa nauliza kila nikipata nafasi. Mmoja aliniambia ukimbeba majeruhi polisi watadhani ni wewe uliyemgonga. Nikakubali, ina maana. Lakini huyo huyo, mwezi uliofuata, alimleta mtu hospitali begani, akaenda mwenyewe kituoni kutoa maelezo, akarudi anacheka. Mwingine alisema anaogopa damu. Mtu huyo ni mchinjaji! Mama mmoja akaniambia kumgusa mtu aliyeumia kabla ndugu zake hawajafika ni kuwaingilia, wakija wakakuta umemgeuza watauliza ulimgeuzia nini. Hili nalo nikalipokea. Sasa mbona ng'ombe wa mtu akitumbukia kisimani kijiji kizima huingia na kamba bila kumngoja mwenye ng'ombe? Nikaandika maswali hayo kichwani mpaka kichwa kikajaa.

Ndipo nikaenda shule ya usiku. Msicheke. Nilidhani jibu liko kwenye Baiolojia. Nilikaa dawati moja na vijana wanaoweza kuwa wajukuu zangu, nikajifunza moyo una vyumba vinne, na siku ya mwalimu kusema mwili una damu kiasi gani nilisimama darasani nikasema, "Mwalimu, mimi nimeiona yote hiyo barabarani." Nikapata D, naionea fahari kuliko D zote Tanzania. Basi siku moja, ajali imetokea, nikajaribu elimu. Badala ya kusalimia nikawahutubia watu juu ya mishipa. Walinisikiliza vizuri sana. Mmoja hata aliuliza swali. Aliyembeba mgonjwa ni mimi na nesi, wao wakaendelea kutafakari.

Kabla hajastaafu, Mzee Limbu aliniachia agizo moja, na hili mlishike hata kama mtasahau mengine yote. Alisema, "Mtu kufa husemwa na daktari. Wewe dereva huna cheti hicho, na aliyepiga simu hana. Ukiambiwa maiti, endesha kama ni mzima." Alisema hivyo akifuta kioo cha gari ambalo halikuwa lake tena.

Sasa nifike kwa Milembe.

Ilikuwa msimu wa kuvuna pamba, jua la mchana linachoma mpaka lami inanata. Simu ikaja: barabara ya Lagangabilili, mwanamke kaanguka na bodaboda iliyokuwa inakwepa ndama, amefariki, njooni mmchukue, haina haraka. Zamuni alikuwa Nesi Kabula, mwanamke mfupi mwenye amri za jenerali.

"Haina haraka kasema nani?" akauliza.

"Mpita njia."

"Huyo mpita njia ana kipimo cha moyo? Washa gari, Nkwabi."

Tukaenda kwa mwendo ambao sitauandika kwa sababu wakubwa nao watasoma. Tulipokaribia nikaona matawi ya mwarobaini yamepangwa barabarani, upande huu na upande ule, kama tunavyofanya wote kuonya magari kwamba mbele kuna tatizo. Nikasema kimoyomoyo, leo kuna mtu mwenye akili hapa. Nikapunguza mwendo. Ndipo nikaona na mengine. Katikati ya barabara, rundo la matawi yale yale, mabichi, na chini yake unatokeza mguu wenye ndala moja.

Duara lilikuwepo, lakini safari hii lilikuwa limekaa. Kina mama wamekaa chini wamenyoosha miguu kama msibani. Wanaume wamevua kofia. Mmoja wa kina mama alikuwa ameanza kulia kwa kufuatisha wimbo. Bodaboda mwenyewe alikuwa ameshapotelea mashambani, akiogopa kupigwa. Mzee mmoja aliyevaa koti zito kwenye jua lile akaja kunipokea, fimbo mkononi kwa sababu ya goti.

"Karibu, baba. Tumekaa naye vizuri, hakuna aliyemsumbua. Tunangoja wenyewe."

Nikavua kofia. "Mwadila, baba! Mwadila, mayu!"

"Mwadila!" wakaitikia wote.

Na chini ya majani, nyuma kidogo ya wengine, sauti nyembamba ikaitikia, "Mwadila."

Mimi nimeona mbio. Nimeona mbio za mwenge, nimeona mbio za mtu aliyeingia kwenye mzinga wa nyuki. Sijaona mbio kama zile. Duara zima lilinyanyuka kwa pamoja kama kundi la ndege kwenye mtama. Yule mama aliyekuwa analia alimaliza wimbo akiwa katikati ya shamba. Mzee wa koti, mwenye goti bovu, aliniachia fimbo akanipita kwa kasi ambayo hospitali ingependa kujua aliipata wapi. Kufumba na kufumbua barabara ilikuwa na sisi wawili, rundo la majani, na ndala za watu zimetapakaa kila upande.

Nesi Kabula alikuwa ameshapiga magoti. Akaondoa majani. Mwanamke wa makamo, midomo imekauka, macho wazi. Paja limevunjika na damu ilikuwa imesambaa mpaka chini ya mgongo. "Khanga!" akasema. "Mbili. Na nikaze hapa kabla hatujamgusa pengine popote." Akafunga, akakaza, mwanamke akauma meno.

"Jina lako nani, mayu?" nikamuuliza ili asilale.

"Milembe."

"Mhola?" Lilinitoka tu, kwa mazoea.

"Mhola duhu," akasema.

Nesi Kabula akaniangalia. "Anapoteza damu, Nkwabi. Bado kidogo tu. Nataka watu wanne, paja hili lisipinde hata kidogo, na sisi tuko wawili. Niletee watu!"

Nikageukia shamba la pamba. Vichwa vilikuwa vimechomoza huko mbali, vinatazama. Niambieni ninyi mliosoma zaidi: alipokuwa maiti walikaa naye, walimlilia, hawakumwacha peke yake. Alipokuwa hai wakamkimbia. Nilisimama pale na fimbo ya mtu mkononi nikiwa sijui niwaite au niwatukane.

Hapo akatokea mwanaume anasukuma baiskeli, galoni la maji limefungwa nyuma. Jina lake Shija, mchungaji wa ng'ombe wa maeneo hayo. Akaangalia ndala zilizotapakaa, akaangalia shamba.

"Kwani wamemkimbia nani? Huyu mama niliyemfunika majani?"

"Kumbe wewe ndiye uliyesema kafa?" mzee wa koti akapaza sauti kutoka kwenye pamba.

"Mimi? Mimi nimesema kafa?" Shija akashangaa. "Nimemkuta peke yake, nikaziba barabara, nikamfunika jua, nikaenda kutafuta maji! Nimwache aungue?"

"Majani juu ya mtu unaweka ya nini?"

"Ya kivuli!"

"Kivuli gani kinafunika uso? Sisi tumefika tumekuta mtu kafunikwa majani, tungejuaje?"

"Mngefunua!"

"Tufunue maiti ya watu?"

"Kesi yenu mtamalizia kwa mtendaji!" Nesi Kabula akafoka bila kuinua kichwa. "Huyu mama anakwisha hapa! Shija, njoo mabegani. Wewe babu wa koti, fimbo yako anayo Nkwabi, njoo uichukue na ushike kiuno. Na wewe mama mwenye wimbo, njoo miguuni."

Basi wakaja. Nikapiga mguu wa machela teke, ukafunguka mara moja, nadhani nao uliogopa. Tukambeba Milembe bila paja kupinda. Na tazama maajabu: mara duara zima likataka kubeba. Watu wakagombea kushika ukingo wa machela. Mzee wa koti akapanda nyuma ya gari akakataa kushuka. Njia nzima alimshikilia Milembe mkono, anamwambia, "Usilale, mayu, usituaibishe." Akakaa hospitali mpaka ndugu walipofika siku ya pili, hakula chochote isipokuwa chai ya Nesi Kabula. Mtu huyo huyo, tungechelewa, angemlinda kwa heshima zote mpaka akafa kweli. Sasa ni mtu mbaya au ni mtu mwema? Nimelala na swali hilo mpaka mke wangu akaniambia nihame nalo chumba.

Milembe alipona. Mguu mmoja umebaki mfupi kidogo, lakini anauza michembe sokoni Bariadi, na viazi vyake vikavu ni vitamu mpaka vinafaa kutolewa mahari. Siku moja nikamuuliza ilikuwaje kule chini ya majani.

"Nilikuwa nasikia yote, Mzee Nkwabi. Walinisifu! Walisema nilikuwa mkarimu, nina huruma. Hakuna aliyekuwa ananijua hata mmoja."

"Mbona hukuwaambia uko hai?"

"Nilisema maji. Mmoja akasema ni upepo." Akapanga michembe yake kidogo. "Basi nikaanza kuwaza, watu wengi vile watakosea? Labda wao wanaona ambacho mimi sioni. Nikatulia. Wewe uliposalimia, mdomo ukaitikia wenyewe. Mama yangu alikuwa anatuchapa tusipoitikia."

"Na ingekuwa sikusalimia?"

"Ah, mzee," akasema, "nunua michembe."

Ningeishia hapo, kingekuwa kisa kizuri chenye mwisho. Tatizo ni kwamba nilibaki kazini, na miezi ya mwisho kabla ya kustaafu tukaitwa tena, njia ya mnadani, siku ya mnada wa ng'ombe. Mwanaume kagongwa na pikipiki akiwa kwenye baiskeli. Duara lipo, kama kawaida. Nikasogea. Mbele kabisa ya duara, beseni la michembe kichwani, amesimama mtu anayechechemea kidogo hata akiwa amesimama.

Salamu ikanipotea mdomoni. "Milembe! Hata wewe?"

Akanigeukia. Sijaona uso uliochanganyikiwa kama ule, labda wangu siku hiyo.

"Sijui, Mzee Nkwabi," akasema polepole. "Nimefika, nikawakuta wamesimama, na mimi nikasimama. Nilikuwa nangoja uje usalimie."

"Umesimama hapa tangu saa ngapi?"

Akashusha macho. Wote tukamtazama yule mwanaume chini. Alikuwa na macho wazi, bega limetoka mahali pake, damu inamtoka sikioni. Anatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu wageni wake. Hakuwa anaomba kitu. Alikuwa anatutazama tu.

Milembe akatua beseni. Akainama kwa shida, mguu mfupi pembeni, mpaka uso wake ukakaribia wa yule mwanaume. Akamsalimia yeye.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," mwanaume akaitikia, na hapo ndipo machozi yakamtoka.

Vijana wangu, miaka yote niliyoendesha gari lile niliwasalimia waliosimama. Mzee Limbu naye aliwasalimia waliosimama. Haikuwahi kunipitia akilini kumsalimia aliyelala, na yule mmoja aliyewahi kuitikia akiwa amelala, aliitikia salamu ambayo sikumpelekea yeye. Nikabaki pale nawaza hivyo, nazungusha jambo hilo kichwani kama mtu aliyeokota ufunguo na hana kufuli. Karibu yangu watu wakaanza kutua mizigo. Mmoja akaachia kamba ya mbuzi wake. Mmoja akavua shati alikunje liwe mto. Milembe alikuwa ameshashika kichwa cha yule mwanaume kwa mikono miwili, akawa anatazama juu, anatafuta mtu wa miguuni.

"Mzee Nkwabi!" akaita. "Na wewe umesimama?"

Nikaiangalia mikono yangu. Ilikuwa nyuma.